UZI: Magogo ya mpingo chini ya bahari ya Uturuki, na mabaharia wa kwanza wa Ugiriki

#1 Mleta uzi

Habari za jioni wakuu. Uzi huu nimekaa nao muda mrefu. Ni mrefu, nitaushusha kwa vipande.

Nimelelewa Kilwa na mjomba aliyekuwa fundi wa mpingo. Anayeujua mti huo anajua: nje una utando wa manjano iliyopauka, ndani kiini cheusi kinachovutia zambarau. Msumeno ukiingia unatoa unga mweusi, na baada ya dakika chache chuma kimepata moto huwezi kukigusa. Kipande cha kiini ukikitia kwenye ndoo ya maji kinakwenda chini kama jiwe. Mjomba alikuwa akiwaambia wanunuzi, "Kikielea, umeuziwa rangi ya viatu."

Sasa sikilizeni. Mwaka 1982 mzamiaji wa sponji, Mehmet Çakır, alipanda juu kutoka chini ya rasi ya Uluburun, karibu na mji wa Kaş kusini mwa Uturuki, akasema kule chini kuna biskuti za chuma zenye masikio. Biskuti hizo zilikuwa mapande ya shaba, kila moja limevutwa pembe nne ili lishikike na kubebeka. Wanaakiolojia George Bass na baadaye Cemal Pulak wakapafanyia kazi misimu 11, kuanzia 1984 hadi 1994. Jahazi lilikuwa limelala kwenye mteremko wa mita 44 hadi 61 chini ya maji, kwa hiyo mtu alikaa kama dakika 20 tu, mara mbili kwa siku, basi. Jumla walizama zaidi ya mara 22,000.

Shehena yake: shaba tani 10. Bati tani 1 (si bati la kuezekea, nasema madini yenyewe). Mitungi ya Kanaani kama 150, mingi ina utomvu wa kunukia. Madonge ya kioo cha buluu kama 175. Pembe ya ndovu, meno ya kiboko, maganda ya mayai ya mbuni, shanga za kaharabu kutoka Baltiki, na kidude cha dhahabu chenye jina la Nefertiti, malkia wa Misri.

Na magogo meusi. Wataalamu wa mbao walipoyapima wakayatambua: Dalbergia melanoxylon. Mpingo, wakuu! Jahazi lile lilizama mwishoni mwa karne ya 14 KK, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita.

Tusirukie kusema ulitoka Kilwa. Mti huu unaota pia Sudan na Ethiopia, na Wamisri waliupata kupitia Nubia na nchi ya Punt. Kwenye kuta za hekalu la Hatshepsut, farao mwanamke wa Misri, kule Deir el-Bahari, mbao hizi zimetajwa miongoni mwa vitu vilivyoletwa kutoka Punt. Waliuita hbny. Wagiriki wakachukua neno hilo wakasema ebenos, Waarabu abnus, na sisi tukalipokea: abunusi. Siku hizi abunusi hutajwa kwa miti mingine ya Asia, lakini mwenye jina tangu Misri ya Mafarao ni mpingo.

Swali lililonitoa usingizi: nani aliagiza mpingo huo? Jahazi linaonekana lilikuwa linaelekea magharibi, kwenye bahari ya Aegean, ile iliyo kati ya Ugiriki na Uturuki. Ndani zimekutwa panga na mihuri ya watu wa huko, wale tunaowaita Wamykene, kana kwamba wawili wao walikuwa abiria wakirudi kwao. Kwa hiyo huu uzi ni wa watu waliokuwa wanaisubiri shehena ile bandarini.

Naandaa kipande cha pili.

#2 Mchangiaji (Mombasa)

Mkuu umenishika pabaya, nimeweka kambi. Shuleni tulianzishwa na Athene moja kwa moja, demokrasia, wanafalsafa, mwisho. Hawa wa nyuma hatukuwasikia.

#3 Mleta uzi

Ndipo ninapotaka tufike. Ukianza na Athene unawakuta Wagiriki wameshakomaa. Kabla yao ilikuwa bahari, na safari za bahari ile zilianza mapema kuliko kilimo.

Peloponnese, ile rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, kuna pango la Franchthi. Humo zimekutwa bapa za obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno linalokatika likawa kali kuliko wembe. Kila obsidiani ina alama ya kikemikali ya mlima wake, na ya Franchthi ni ya kisiwa cha Melos. Tarehe yake ni karibu miaka 13,000 iliyopita. Hakuna namna ya kufika Melos kwa miguu. Kwa hiyo wawindaji wasiolima hata shamba moja walikuwa wakivuka maji, kisiwa hadi kisiwa, wakifuata jiwe, na wakirudi. Jahazi zao hazijapatikana hata ubao. Ushahidi wote ni hilo jiwe.

Halafu, katika milenia ya tatu KK, kwenye visiwa vya Cyclades katikati ya Aegean, watu walichora vyombo vyao vya baharini. Kisiwani Syros, makaburi ya Chalandriani, kuna sahani za udongo zilizochanjwa mtumbwi mrefu mwembamba: ncha moja imeinuka juu sana na samaki kileleni, na pembeni safu za vistari ambavyo ni makafi. Tanga halipo. Hesabu wanaume ishirini na zaidi wanaotakiwa kupiga kafi, kisha kumbuka visiwa vile ni vidogo, vingine havina watu hao. Kujaza mtumbwi mmoja vijiji vilihitaji kukubaliana. Mimi naona hapo ndipo mambo ya kushirikiana baharini yalipoanzia, kabla ya mfalme yeyote.

Tanga likaja baadaye, karibu 2000 KK, na likaibadilisha hesabu yote. Chombo kimoja, watu wachache, mzigo mkubwa. Waliolitumia vizuri ni watu wa kisiwa cha Krete.

#4 Mchangiaji (Dodoma)

Krete si ndio ya Minos na yule nusu mtu nusu ng'ombe? Nimesoma walikuwa watu wa amani, hawana kuta, hawana vita. Ni kweli?

#5 Mleta uzi

Mkuu, hiyo picha ya amani ni ya Arthur Evans zaidi kuliko ya Wakrete. Evans, mwanaakiolojia Mwingereza, alianza kuchimba kasri la Knossos kule Krete mwaka 1900. (Kabla yake, 1878, mwenyeji wa pale, Minos Kalokairinos, alishachimba na kutoa mitungi mikubwa. Huyu anasahaulika kila mara na mimi inaniuma.) Evans ndiye aliyelieneza jina "Waminoa", akajenga upya sehemu za kasri kwa zege na kupaka nguzo rangi nyekundu. Wao wenyewe walijiitaje, maandishi yao yangetuambia, lakini yale tunayoyaita Linear A hayajasomeka hadi leo. Wamisri waliwaita Keftiu. Kuta kubwa ni kweli hawakuwa nazo nyingi, lakini mapanga walikuwa nayo, mazuri na marefu.

Turudi kwenye biashara, kwa sababu ndiyo ninayotaka kuikazia. Huo ulikuwa wakati wa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, sehemu kama kumi kwa moja. Shaba peke yake ni laini, jembe au panga linapinda. Ukitia bati inakuwa ngumu. Shida ni kwamba madini haya mawili hayakai nyumba moja. Shaba ilikuwa tele Cyprus. Bati halikuwa Cyprus wala Krete. Kwa hiyo kila patasi ya seremala wa Knossos ilikuwa na kitu ndani yake kilichotoka mbali sana. Wengine wanasema mafahari ya wafalme ndiyo yaliyowatoa watu baharini. Mimi nasema bati. Dhahabu unaweza kuikosa ukaishi.

Na tunao ushahidi wa karatasi, au tuseme wa udongo. Kwenye jumba la mfalme Zimri-Lim kule Mari, Syria, karne ya 18 KK, makarani waliorodhesha bati lililogawiwa. Katika orodha hiyo yumo Mkrete, aliyepewa fungu lake kule bandari ya Ugarit, na anayefuata ni mkalimani, naye kapewa chake. Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Mkalimani analipwa kwa bati! Maana yake palikuwa na wateja wa Krete wa kutosha hadi mtu akafanya lugha yao kuwa riziki.

Sasa pepo. Kiangazi upepo wa Aegean unatoka kaskazini, siku nyingi, karibu bila kukosa. Wagiriki wa baadaye waliziita etesiai, za kila mwaka. Kutoka Krete unaachia tanga unasukumwa hadi Misri; mshairi wao wa kale Homer anasema siku tano. Watu wa pwani mtafikiri mara moja juu ya kaskazi na kusi. Lakini tofauti ni hii: kwetu kaskazi inakuleta, kusi inakurudisha. Kule hakuna kusi. Ukishuka Misri, njia uliyoshukia imefungwa, na tanga lao la mraba halikuweza kwenda joshi vizuri kama letu. Inabidi uzunguke: upande pwani ya Palestina na Lebanon, upite Cyprus, ushike pwani ya kusini ya Uturuki kwa pepo za usiku zinazotoka nchi kavu, ndipo urudi Aegean. Uluburun iko kwenye njia hiyo hiyo ya kurudi.

Ndiyo maana bidhaa zilichanganyika vile. Kila bandari ya mzunguko inaacha kitu na kuchukua kitu. Kusini mwa Krete kuna bandari ya Kommos, iliyochimbwa na Joseph Shaw kuanzia 1976. Humo kuna vyungu vya Misri, Kanaani, Cyprus, hadi Sardinia. Kuna pia jengo la kumbi sita ndefu zinazotazama bahari, bila ukuta upande wa maji. Wachimbaji wanaona zilikuwa banda la kupandishia majahazi wakati wa baridi, bahari inapofungwa.

#6 Mchangiaji (Tanga)

Wewe unaongea kama nahodha. Hebu tuambie majahazi yenyewe yalikuwaje, picha zipo?

#7 Mleta uzi

Zipo, na nzuri kuliko zote iko kisiwani Thera, siku hizi Santorini. Mji wa Akrotiri ulifukiwa na majivu ya volkeno (karne ya 17 au 16 KK, wataalamu bado wanagombania), na Spyridon Marinatos akaanza kuuchimba 1967. Katika nyumba moja kuna ukanda wa picha, juu ya ukuta, wa majahazi yanayotoka mji mmoja kwenda mwingine. Abiria wamekaa wawili wawili chini ya chandarua wamevaa mashuka. Nahodha ana kibanda chake shetri. Pomboo wanaruka.

Tazama wanaoyaendesha. Wameinama nje ya ubavu hadi mikono inakaribia maji, kwa sababu wanapiga kafi, si kasia. Na majahazi ni makubwa, kafi fupi haziyafai. Lugha yetu ina maneno mawili hapo kwa hiyo tunaliona haraka. Tanga na kasia zilishakuwepo miaka mingi, kwa nini basi wajitese? Maelezo yanayokubalika ni kwamba ile ni sherehe: siku moja kwa mwaka wanaendesha kama walivyoendesha babu zao wa Cyclades. Mimi hilo nalikubali kwa moyo wote. Mtu wa pwani anajua mashindano ya ngalawa hayahusu kuwahi mahali.

Jambo moja tena la Akrotiri: mji umefukuliwa sehemu tu, na miili haijakutwa ndani. Mitetemeko iliwatangulia, wakatoka. Wenye vyombo walipanda vyombo.

#8 Mchangiaji (Kampala)

Na hawa Wamykene uliowataja mwanzo ndio waliowamaliza Waminoa?

#9 Mleta uzi

Waliwarithi, kwa namna yoyote iliyotokea. Karibu 1450 KK makasri mengi ya Krete yaliungua, na baada ya hapo Knossos inaandika kwa hati nyingine, Linear B. Hata Misri waliona mabadiliko. Kwenye kaburi la waziri Rekhmire, Thebes, Keftiu wamechorwa wakileta vyombo na mapande ya shaba mabegani, na mchoraji kafuta vazi lao la kwanza akawachorea juu yake kikoi cha mtindo mwingine. Rangi ya chini bado inaonekana.

Linear B ilisomwa 1952 na Michael Ventris, msanifu majengo, akijengea juu ya kazi ya Alice Kober aliyefariki 1950 bila kuona jibu. Ikaonekana ni Kigiriki. Watu walitarajia tenzi. Wakapata hesabu za bohari: kondoo, pamba ya kondoo, mafuta, magurudumu ya magari ya farasi.

Na hili kwangu ndilo la ajabu kuliko yote: katika vibao vyote vya udongo vya Linear B hakuna neno la mfanyabiashara. Shaba imo, pembe imo, majina ya bidhaa za ng'ambo yamo, ila aliyezileta hayumo. Karani wa kasri aliandika kilichoingia ghalani, aliyekuwa baharini hakumhusu. Tungeishia kwenye vibao tungesema hapakuwa na biashara. Uluburun ndiyo inayomrudisha yule mtu, na mizani yake, na mawe ya kupimia karibu 150, na kibao chake cha mbao cha kuandikia chenye bawaba ya pembe.

Bidhaa zenyewe zimeacha majina. Sa-sa-ma kwenye vibao ni ufuta. Ndugu wa Kampala na Kenya, nyinyi mnaita simsim, neno la Kiarabu, na lina asili moja na hilo, Mashariki ya Kati. Ku-wa-no ni kile kioo cha buluu. Kibao cha Pylos, kasri la Wamykene kule Peloponnese, kinataja kiti kilichopambwa kwa kuwano na dhahabu. Sasa rudisha mawazo kwenye yale madonge 175. Yalikuwa yanakwenda kwa mafundi wa namna hiyo, na mpingo pia. Hakuna aliyekuwa anasubiri gogo kwa ajili ya kuni.

Mwisho wao unatisha. Kibao kimoja cha Pylos kinaanza: hivi ndivyo walinzi wanavyoilinda pwani. Kisha majina, na watu kumi, ishirini, thelathini kila kituo, jumla kama 800. Kingine kinahesabu wapiga makasia. Karibu 1180 KK kasri likaungua, na moto ule ndio uliovichoma vibao vya udongo mbichi vikadumu hadi Carl Blegen akavipata mwaka 1939. Ugarit, bandari ya yule mkalimani, ilianguka karibu wakati huohuo. Barua ya mfalme wake wa mwisho inasema meli za adui zimefika na miji yake inachomwa, huku meli zake mwenyewe ziko mbali, nchi ya Lukka, pwani ya kusini-magharibi ya Uturuki ya leo.

#10 Mchangiaji (Mombasa)

Mbona Wafoinike huwataji? Hao ndio mabaharia wenyewe.

#11 Mleta uzi

Uko sahihi kabisa, na nadhani wako kwenye uzi huu tangu posti ya kwanza. Jahazi la Uluburun lilikuwa la mierezi, na nanga zake 24 za mawe ni za pwani ya Kanaani. Mabaharia wake kwa dalili zote walikuwa Wakanaani, mababu wa hao Wafoinike wa pwani ya Lebanon. Wagiriki hawakuimiliki bahari ile peke yao hata siku moja.

Makasri yalipokufa, waliorudi baharini mapema ni watu wa kisiwa cha Euboea. Pale Lefkandi, karibu 950 KK, kuna kaburi la mtu mkubwa ndani ya jengo la karibu mita 50, na makaburini vitu vya Misri na Mashariki. Hao walikutana na Wafoinike bandarini na wakachukua kitu kikubwa kuliko shaba: herufi. Aleph, beth, wakasema alpha, beta. Aliyesoma chuoni akianza na alifu, be, anajua ni ukoo mmoja. Herufi ambazo Kigiriki hakikuwa na sauti zake wakazifanya vokali. Mwishoni mwa karne ya 8 KK, kisiwani Ischia mbele ya Napoli, walikohamia watu wa Euboea, kuna kikombe kilichochanjwa beti tatu zikimtaja Nestor, yule mfalme mzee wa Pylos katika tenzi za Homer. Kasri lake lilishakuwa majivu miaka 400 na zaidi, na wafanyabiashara walikuwa wakimkumbuka kwenye kinywaji.

#12 Mchangiaji (Lindi)

Mleta uzi ubarikiwe. Swali la mwisho: hao Wagiriki walifika huku kwetu?

#13 Mleta uzi

Wa enzi ya Uluburun, hapana. Lakini katikati ya karne ya 1 BK mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki aliacha mwongozo wa safari unaoshuka pwani yetu, na soko la mwisho analiita Rhapta. Anataja pembe za ndovu na magamba ya kasa, na manahodha Waarabu waliooa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Jina Rhapta analitoa kwenye neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu ya vyombo vilivyoshonwa alivyoviona. Sisi tunafikiria mtepe mara moja.

Ambacho wengi hawajui ni kwamba Wagiriki nao walishona. Mwaka 1993 pale Marseille, mji ulioanzishwa na Wagiriki wa Phocaea karibu 600 KK, ilifukuliwa mashua ya karne ya 6 KK, mbao zake zimeungwa kwa uzi tundu kwa tundu. Zao zilikuwa za kitani. Za mtepe zilikuwa za makumbi ya nazi.

Mwenye picha ya mtepe wa zamani, ile inayoonyesha mshono kwa karibu, naomba aitupie hapa tuzilinganishe.